Mganga hajigangi: washauri nasaha na wanasaikolojia, tuongee kuhusu ada zetu, madeni yetu na uchovu tunaorudi nao nyumbani

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa wote shikamooni.

Uzi huu nauandika kwa ajili ya wenzangu tunaoishi kwa kusikiliza watu: washauri nasaha, wanasaikolojia, maofisa ustawi wa jamii, wauguzi wa afya ya akili. Wengine pia karibuni, hasa mlio kwenye ndoa na watu wa kazi hii, kwa sababu nyie ndio mnaopokea kile kinachobaki jioni.

Naanza na siku moja ya mwaka 2021. Ofisi yangu wakati huo ilikuwa chumba kimoja Sinza, juu ya fundi cherehani, kwa hiyo kila mteja alilia huku cherehani inanguruma chini. Siku hiyo nilikuwa na wateja saba. Wa sita alikuwa mama aliyefiwa na mtoto (nimebadilisha mengi ili asijulikane). Alikuwa ananieleza jinsi alivyokunja nguo za mtoto na kuziweka kwenye mfuko wa Rambo, halafu akazitoa tena, halafu akazirudisha. Mimi namtazama, naitikia kwa kichwa, na ndani ya kichwa hichohicho najumlisha: elfu ishirini ya huyu na elfu ishirini ya anayefuata, luku imepatikana, imebaki ada ya shule.

Niliposhtuka kwamba napiga hesabu ya luku katikati ya msiba wa mtu, mwili ulinisisimka. Wa saba alipoingia niliona midomo yake ikicheza tu. Nikarudi nyumbani. Mwanangu, wakati huo ana miaka sita, akanikimbilia na picha aliyochora shuleni. Nikamwambia, "Mwanangu, naomba usiniongeleshe." Hakulia. Aliirudisha picha kwenye begi akafunga zipu taratibu, kama mtu mzima aliyezoea.

Usiku ule nilijiambia nimechoka na watu, niache kazi hii nikauze vitenge. Ilinichukua karibu mwaka mzima kuelewa kwamba watu hawakuwa tatizo. Nilikuwa nimejiwekea ada isiyoweza kunilisha, kwa hiyo nikawa nachukua wateja wengi kuliko moyo wangu unavyoweza kubeba, na kila nilivyochoka ndivyo nilivyozidi kushindwa kusema "hapana" na kushindwa kutaja bei. Mfuko na moyo vilikuwa vinakulana. Ndiyo maana semina za "kujitunza" tulizokaa, za kuvuta pumzi na kunywa maji mengi, hazikunisaidia. Hakuna pumzi inayolipa kodi ya pango.

Sasa hesabu. Naweka namba zangu halisi za mwaka uliofuata, kila mtu atabadilisha kwa mji wake. Chumba cha kazi 300,000 kwa mwezi. Umeme, intaneti, maji na usafi 80,000. Usimamizi wa kitaalamu, yaani mimi kumlipa mtaalamu aliyenitangulia anisikilize mara mbili kwa mwezi, 100,000. Mafunzo na vitabu 50,000. Bima ya afya natenga 60,000. Akiba ya uzeeni 150,000. Kodi ya TRA na tozo nyingine natenga 160,000. Nyumbani, yaani chakula, pango, shule, nauli na wazazi, 900,000. Jumla 1,800,000 kwa mwezi, ambayo ni 21,600,000 kwa mwaka.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea: tunagawanya kwa wiki 52. Mwaka wa mshauri hauna wiki 52. Toa nne za likizo, mbili za kuugua na kuuguza na misiba, mbili za sikukuu ambazo hakuna mteja anayekuja. Zinabaki 44. Kwa ada yangu ya zamani ya 20,000 nilihitaji vikao 1,080 kwa mwaka, yaani karibu 25 kila wiki vilivyolipwa kikamilifu. Na kwa kuwa wapo wasiotokea na wapo wa "nitakutumia mwisho wa mwezi", ili upate 25 unaandika 30 kwenye daftari. Binadamu wa kawaida hawezi kusikiliza vikao 30 vya maumivu kwa wiki akabaki anasikia. Anaweza kukaa kwenye kiti, hilo naweza kulitolea ushahidi.

Nilipogeuza swali likawa "ninaweza kusikiliza vizuri watu wangapi kwa wiki?", jibu langu lilikuwa 14. Wewe huenda ni 18, huenda ni 10. Katika hao 14, nafasi mbili nimeziweka kwa wasio na uwezo. Kwa hiyo 12 wanalipa 40,000 na wawili wanalipa 10,000. Hiyo ni 500,000 kwa wiki, mara 44 ni 22,000,000. Inatosha, na inabaki kidogo. Nililia nilipoona namba ile kwenye karatasi, kwa sababu miaka yote nilidhani tamaa ndiyo inayonifanya nitamani kupandisha bei.

Sikupandisha kwa siku moja. Wateja wapya walianza moja kwa moja na 40,000. Wa zamani niliwapa taarifa ya miezi mitatu na wakaanza na 30,000. Malipo ni kabla ya kikao kwa Lipa Namba. Asiyetoa taarifa saa 24 kabla analipa nusu, isipokuwa ugonjwa au msiba. Kipengele hicho cha nusu ndicho kilichonitetemesha zaidi, na ndicho kilichoniokoa zaidi.

Upande wa moyo sasa. Uchovu huu wenzetu wameuchunguza kwa muda mrefu. Mmarekani Herbert Freudenberger aliuandika mwaka 1974 baada ya kuuona kwa wafanyakazi wa kliniki ya bure, na yeye mwenyewe akiwa miongoni mwao. Christina Maslach na mwenzake wakatoa kipimo chake mwaka 1981, chenye sura tatu: kuishiwa hisia, kuanza kumwona mteja kama kitu, na kujiona hufanyi lolote la maana. Sura ya pili ndiyo ile luku yangu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likauingiza kwenye ICD-11, mwongozo wake wa kuainisha magonjwa, si kama ugonjwa bali kama hali inayotokana na msongo wa kazini wa muda mrefu usioshughulikiwa. Soma tena hapo: kazini. Chanzo chake kipo kwenye idadi ya wateja, kwenye malipo, kwenye ratiba, na huko ndiko pa kukishughulikia kwanza.

Lakini kuna kingine ambacho hata ukilipwa vizuri kitakukuta. Mwaka 1990 watafiti wawili, McCann na Pearlman, walieleza jinsi simulizi za wateja zinavyobadilisha macho ya msikilizaji mwenyewe. Mimi kwa miezi minne nilikuwa na wateja watatu waliopoteza watu kwa ajali za bodaboda. Nikaanza kumkataza mume wangu kupanda bodaboda, halafu nikaanza kuamka saa nane usiku kuhakikisha mlango umefungwa, halafu nikawa naenda mara tatu. Mlango haukuwa na shida yoyote. Aliyeniona ni msimamizi wangu, si mimi. Nilimtajia mlango kama jambo la pembeni tu, akaniuliza, "Ulianza lini?"

Tunapenda kusema "mganga hajigangi" kama vile ni kisingizio, kwamba ndivyo tulivyo, hakuna la kufanya. Mimi siku hizi naisikia kama maelekezo: hajigangi, basi aende kwa mganga mwingine! Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye sote tumesoma nadharia yake darasani, akiwa Chuo Kikuu cha Chicago alizidiwa na mteja mmoja aliyekuwa mgonjwa sana, akaona anapotea yeye mwenyewe. Akamkabidhi mteja kwa mwenzake, akaondoka na mkewe kwa zaidi ya miezi miwili, na aliporudi akakaa kwenye kiti cha mteja mbele ya mmoja wa wenzake. Alieleza mwenyewe bila kuficha. Kama Rogers alihitaji, mimi wa Sinza ni nani?

Ninayofanya kila siku ni machache. Dakika 15 kati ya mteja na mteja, na hizo si za kujibu WhatsApp: naandika kumbukumbu ya kikao, nafunga daftari, nanawa mikono, nasimama dirishani. Sipangi simulizi mbili za ubakaji au za mauaji zifuatane. Simu ya kazi inazimwa saa moja usiku, na wateja wote wanajua usiku ukiwa mgumu waende wapi na wampigie nani. Nikifika nyumbani naoga kabla ya kumkumbatia mtoto. Sijui kama maji yana sayansi yoyote, ila mwili wangu umejifunza kwamba baada ya kuoga mimi ni mama. Na kila baada ya miezi mitatu najaza dodoso la ProQOL, lina maswali 30 kuhusu siku 30 zilizopita, halilipiwi. Lina sehemu ya uchovu, sehemu ya kuumizwa na simulizi za wengine, na pia sehemu ya furaha unayoipata kwenye kazi. Ile ya furaha ikishuka napunguza wateja kabla sijaanza kuwachukia.

Nawasikiliza.

#2, mdau wa Mwanza

Dada, asante sana, nimesoma mara mbili. Mimi nina miaka mitatu tangu nianze binafsi. Tatizo langu ni mdomo. Nikifika kwenye bei nasema "utatoa chochote ulicho nacho". Halafu ndugu: mama mdogo ananipigia saa tano usiku nimtulize binti yake, kila wiki. Nikisema nimechoka naambiwa nimesomeshwa na ukoo. Huwa mnasemaje?

#3, mdau mwingine

Mimi si wa fani yenu ila naomba kutofautiana. Kazi ya kuponya watu ni wito. Mchungaji hatozi, shehe hatozi, bibi kijijini alikuwa anatusuluhisha bure. Leo mtu ana mawazo ya kujidhuru unamwambia alipe elfu arobaini kwanza kwa Lipa Namba? Huko si kupoteza utu?

#4, mwenye uzi

Nianze na mkuu wa #3, kwa sababu swali lako liliwahi kuwa langu na linaniuma bado.

Kwanza, mtu mwenye mawazo ya kujidhuru haambiwi alipe kwanza. Huyo anahudumiwa, anasindikizwa hospitali, ada inajadiliwa baadaye au haijadiliwi kabisa. Hilo halina mjadala kwa mtu yeyote aliyefundishwa vizuri.

Pili, ni kweli fedha inaua. Daktari Dixon Chibanda wa Zimbabwe ameeleza hadharani jinsi alivyompoteza mgonjwa kijana kwa sababu familia haikuwa na nauli ya kama dola 15 ya kumleta hospitalini. Kutokana na uchungu ule akaanzisha mpango wa mabenchi mwaka 2006 pale Mbare, Harare, ambapo bibi waliofundishwa wanakaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza. Mwaka 2016 matokeo ya utafiti wao yalichapishwa kwenye jarida la kitabibu la Marekani na kuonyesha wagonjwa wanapata nafuu. Mpango umefika hata Zanzibar. Lakini ona kitu kimoja: wale bibi hawakuachwa peke yao. Wamefundishwa, wana watu wa kuwasimamia, wana pa kupeleka kesi iliyowazidi. Huduma ya bure kwa mgonjwa lazima iwe na mtu anayeigharamia. Ikigharamiwa na mshauri peke yake, kwa usingizi wake na ada ya shule ya mwanawe, haitadumu.

Bibi wa kijijini unayemsema, mkuu, alikuwa analimiwa shamba na wajukuu. Mwalimu wa fani alipewa kilemba. Mganga alipewa kifungua mkoba kabla hajatoa dawa. Wazee wetu walijua kwamba anayebeba mzigo wa watu naye lazima abebwe, sisi tumebadilisha sarafu tu.

Na hata Sigmund Freud, mwanzilishi wa tiba ya kuzungumza, mwaka 1913, aliwaambia wenzake wazungumzie fedha waziwazi na mgonjwa tangu mwanzo, bila haya, kama wanavyomtaka mgonjwa azungumzie mambo ya chumbani bila haya. Miaka mitano baadaye, mwaka 1918, alisema maskini naye ana haki ya matibabu na zitakuja kliniki za bure. Kweli, Berlin ikafunguliwa moja mwaka 1920, Vienna mwaka 1922. Mawazo yote mawili yanakaa ndani ya mtu mmoja, na yanakaa ndani yangu pia. Nafasi zangu mbili za 10,000 ndizo kliniki yangu ndogo.

Mdogo wangu wa Mwanza, nakuja kwako. Bei usiiseme mwishoni mtu akiwa ameshalia. Itume kwenye ujumbe wa kwanza kabisa, wakati anauliza nafasi. Mimi naandika hivi: "Karibu sana. Kikao ni dakika 50, ada ni shilingi 40,000, inalipwa kabla ya kikao. Kama kiasi hiki ni kigumu kwako kwa sasa, niambie, tutaangalia nafasi iliyopo au nitakuelekeza hospitali ya serikali iliyo karibu." Basi, hakuna samahani wala maelezo ya kwa nini. Mara ya kwanza nilikaa na simu mkononi dakika 20 kabla sijabonyeza kutuma.

Ndugu ni suala jingine kabisa. Kwanza kwa maadili ya kazi hatutibu ndugu. Mama mdogo wako hapokei huduma, binti yake hapokei huduma, na wewe hulali. Mwambie, "Mama, nampenda sana mdogo wangu, ndiyo maana nataka apate mtu ambaye si ndugu. Nimeshaongea na mwenzangu, nafasi ipo Alhamisi, kikao cha kwanza nitakilipia mimi." Kisha kweli kilipe. Ukoo uliokusomesha umepata kitu, na wewe umelala. Nilifanya hivi kwa mtoto wa shangazi, shangazi alininunia miezi miwili. Binti amepona, na shangazi ameanza kunisalimia.

#5, kutoka Mombasa

Salaam aleikum dadangu. Mimi ni mshauri huku Kenya, nimefurahi kuona mtu amegusa pesa. Sisi tuna sheria yetu tangu 2014, ile ya washauri na wanasaikolojia, inayotaka mtu awe amesajiliwa, lakini usajili haukufundishi kusema bei.

Nataka kuongeza juu ya mashirika. Wengi huku tunategemea kazi za mashirika na kampuni: unaitwa, unazungumza na wafanyakazi 40 baada ya tukio baya, unaambiwa lete invoisi, halafu siku 90 zapita. Mimi nilingoja miezi saba kwa shirika moja, na ndani ya miezi hiyo nikawa nakopa kwenye simu, leo huku kesho kule. Unatibu wasiwasi wa watu na wewe ukisikia simu ikilia moyo waruka ukidhani ni mdai. Sasa hivi naandika kwenye mkataba: nusu kabla ya kuanza, nusu ndani ya siku 30. Wapo waliokataa. Wapo waliokubali siku hiyohiyo, nikajiuliza mbona sikuomba zamani.

La pili: huku wakikulipa ada ya utaalamu wakata asilimia 5 kama ushuru wa zuio. Wenzangu wengi hudhani imeisha hapo, kumbe hiyo ni sehemu tu ya ushuru wako wa mwaka. Mwezi wa sita ukifika ndipo kilio. Weka pesa ya ushuru kwenye akaunti ambayo huigusi. Mimi chama changu cha kuweka akiba chanishikia, wale kina mama hawanipi hata nikiwalilia.

#6, muuguzi, hospitali ya serikali

Habari zenu. Sisi wa mshahara hatuna ada ya kupandisha. Mimi niko wodi ya afya ya akili mwaka wa tisa. Nitasema mambo mawili.

Moja ni mikopo. Wodini kwetu karibu kila mtu ana kausha damu. Mshahara unaingia asubuhi, jioni umeisha. Mtu anaingia zamu ya usiku akitokea kwenye kibarua cha mchana kwenye kituo binafsi. Mgonjwa akipandisha, hana subira, anamjibu vibaya. Wanasema ana roho mbaya. Mimi namjua, hana roho mbaya, hajalala.

La pili sijawahi kulisema. Miaka miwili iliyopita mgonjwa niliyemhudumia wiki tano aliruhusiwa, akiwa vizuri, akanipa mkono, akaniita kaka. Siku ya kumi na moja tukapata habari kwamba amejiua. Niliulizwa faili liko wapi. Nilitoa faili. Kesho yake nikaingia zamu. Hadi leo hakuna aliyeniuliza kitu kingine zaidi ya faili.

#7, mwenye uzi

Kaka, nimesoma ya kwako nikaweka simu chini. Pole. Pole sana, na naisema kwa jina la sisi sote tuliomo humu.

Sitakuhubiria. Nitakwambia tu ninachokijua kwenye kazi yetu: kufiwa na mgonjwa namna hiyo kunamkuta mtaalamu mzuri kama kunavyomkuta mbaya, na anayebaki anabeba msiba ambao hakuna matanga yake. Huendi kuzika, huwezi kumtaja nyumbani kwa sababu ya siri ya kazi, na kazini kuna faili. Miaka miwili si muda mrefu kwa msiba wa aina hiyo. Tafuta mtu mmoja, awe wa fani lakini asiwe wa hospitali yenu, umsimulie kuanzia siku aliyolazwa hadi alipokupa mkono, siyo siku ya kumi na moja peke yake. Wiki tano zile zilikuwepo, na wewe ulikuwepo. Nimekutumia ujumbe wa ndani na namba ya mtu ninayemwamini, nimeshamwomba, hatakudai. Na kama kuna usiku ambao wewe mwenyewe unafikiria kutokuwepo, usisubiri hadi asubuhi: mwamshe mtu wa nyumbani, nenda hospitali, au nipigie mimi. Namba nimekuwekea.

Kuhusu kausha damu: usijaribu kuyalipa yote kwa pamoja. Orodhesha madeni kwa riba, siyo kwa ukubwa wala kwa nani anapiga kelele. Lenye riba kubwa ndilo linakunywa damu, litangulie. Kama kuna SACCOS kazini, mkopo mmoja wa riba nafuu wa kufuta, tuseme, matatu ya riba kubwa unaweza kukupumzisha, ila siku hiyohiyo futa programu zile kwenye simu, vinginevyo utakuwa na manne. Na kabla ya akiba kubwa, anza na kaakiba kadogo tu, laki moja, laki mbili, ka dharura. Mimi yangu niliiweka UTT, kwenye mfuko wao wa uwekezaji wa pamoja uitwao Ukwasi, kwa sababu natoa ndani ya siku chache nikihitaji lakini siwezi kuitoa saa nne usiku kwa hasira. Lengo langu lilikuwa miezi mitatu ya matumizi. Nilifika baada ya miaka miwili na nusu. Siku nilipofika ndipo kwa mara ya kwanza nilimwambia mteja ambaye si wa saizi yangu, "Mimi si mtu sahihi kwako, nakupeleka kwa fulani." Zamani ningembakiza kwa sababu ya ile elfu ishirini.

Wa Mombasa, ahsante. Huku kwetu pia taasisi inakata asilimia 5 kwenye malipo ya huduma. Daini cheti cha kodi ya zuio siku hiyohiyo ya malipo, kwa sababu mwisho wa mwaka ndicho kitakachokutetea TRA. Na kodi ya makadirio inalipwa kwa awamu nne, Machi, Juni, Septemba na Desemba, kwa hiyo kila malipo yakiingia toa sehemu yake kabla hujaiona kama yako.

Mlio kwenye miradi, neno moja. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje, kuna washauri wa VVU walioamka asubuhi hawana mkataba, baada ya miaka kumi ya kazi nzuri. Mshahara wa mradi ni mzuri, lakini ni mvua ya msimu. NSSF wanapokea michango ya hiari ya waliojiajiri. Ulizeni mkiwa bado mna mshahara.

#8, mdau wa Mwanza

Dada, nimeutuma ule ujumbe. Wa kwanza alijibu "sawa" tu, akalipa. Wa pili hajajibu tangu juzi. Roho inaniuma kwa huyu wa pili, natamani nimwandikie kwamba aje tu. Na huku sina msimamizi, wa karibu niliyemjua alihamia Dodoma.

#9, mwenye uzi

Usimwandikie leo. Subiri hadi Ijumaa, umwandikie mara moja tu, umuulize kama bado anahitaji nafasi au umwelekeze kwingine. Hapo utakuwa umemjali bila kumkimbilia. Na huo uchungu wa kusubiri jibu lake ndio mada yako ya kwanza utakapokaa na msimamizi.

Usimamizi si lazima mwe mji mmoja. Sisi tuko watano, mmoja Moshi, mmoja Mbeya, watatu Dar. Tunakutana kwa simu ya video Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi. Kila mtu ana dakika 20. Hatutaji jina, mtaa wala kabila la mteja. Dakika kumi za kwanza unasema mteja amekufanya ujisikie nini, siyo ana tatizo gani. Kila baada ya miezi mitatu tunamlipa mtaalamu aliyetutangulia aje atusikilize sote, tunachangia 30,000 kila mmoja. Na mwisho wa kikao kila mtu anataja namba mbili: wateja aliowaona wiki hiyo, na siku aliyolala vizuri mara ya mwisho. Mwanzoni tulidanganyana. Siku hizi mtu akitaja 26 wenzake wananyamaza hadi aeleze.

Ukipata wenzako wawili hapo Mwanza, au hata Bukoba na Musoma, niandikie nikutumie karatasi yetu ya utaratibu, ni kurasa mbili tu. Kaka muuguzi naye nimemwambia, zamu zake zikikubali ataanza na sisi mwezi ujao.